Hekalu Kuukuu na Ndege Wake

Mazungumzo juu ya uhai na mauti katika nyimbo zetu, yaliyotolewa Kilosa mbele ya wanachama, wageni kutoka Mikumi na majirani, siku ya maadhimisho ya hekalu letu

 

Kamati ilipotutaka tuseme maneno machache, tulisita. Sisi si wanazuoni wala walimu. Elimu yetu ilikomea sekondari, na umri wetu wote umepita nyuma ya kaunta, kati ya mizani, yadi na daftari la madeni. Lakini Mwenyekiti alitukumbusha kwamba wasemaji wengine wamekwisha kueleza habari za jengo hili na za wale waliojitolea kulijenga, na hakuna aliyesema juu ya nyimbo zinazoimbwa ndani yake. Basi tumeona tuzungumze juu ya nyimbo, hasa zile zinazogusa uhai na mauti. Hizo ndizo zilizotufunza mengi. Tena tunayo aibu moja juu yake ambayo tungependa kuiungama mbele yenu leo.

Tulipokuwa watoto, duka la marehemu baba lilikuwa karibu na stesheni ya reli hapa Kilosa. Kila jioni, alipokuwa akifunga hesabu, baba aliimba bhajani moja ya Kigujarati inayonasibishwa na Mirabai, yule binti wa kifalme wa Rajasthan wa karne ya 16 aliyeacha anasa za jumba kwa ajili ya mapenzi yake kwa Mungu. Wimbo huo wasimulia habari za hekalu lililochakaa na ndege akaaye ndani yake. Sisi na ndugu zetu tuliyajua maneno yake, maana Kigujarati ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani. Lakini hatukuijua maana. Wakati huo paa la hekalu letu lilikuwa likivuja. Masika yakiingia, akina mama walipanga sufuria sakafuni kukinga matone, na kengele ya arati ikilia tulisikia pia sufuria zikiitika. Basi tuliamini kabisa kwamba baba analalamikia paa hilo. Tukakubaliana, watoto watano, tuache kununua kashata, na senti tulizopewa tukawa tunazitumbukiza katika sanduku la hekalu. Baada ya miezi kadhaa dada yetu mdogo akamwuliza: "Baba, paa likitengenezwa utaacha kuimba?"

Baba alicheka hata akatokwa na machozi. Kisha akatuketisha juu ya marobota ya khanga, akatueleza. Hekalu lile ni mwili. Ndege yule ni roho. Mwili huota mvi, meno hung'oka, magoti hulia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Lakini aishiye ndani hajioni mzee hata kidogo. Tukataka kujua ni ndege gani. Akasema ni hansa, ndege mweupe wa majini, ambaye katika hadithi za Kihindi akipewa maziwa yaliyochanganywa na maji huyanywa maziwa na kuyaacha maji. Ndiyo sababu wahenga walimfanya mfano wa roho yenye kupambanua lililo la kweli na lisilo la kweli. Tukamwambia kwamba hapa Kilosa hatujapata kumwona hansa. Baba akatazama nje, akawaona yangeyange wakirudi kulala mitini baada ya kutwa nzima ya kuwafuata ng'ombe. Akanyoosha kidole. "Yule atatosha," akasema.

Hilo ndilo somo letu la kwanza juu ya mifano katika nyimbo, nasi tunaliona kuwa kubwa hadi leo. Mfano hauna budi kupata mahali pa kutua. Ndege wa Mirabai alitoka mbali sana, akavuka bahari, akatua juu ya mgongo wa ng'ombe wa Kilosa, wala hakupungukiwa na kitu.

Somo la pili tulilipata dukani. Baba aliuza nguo za kila namna, na miongoni mwake bafta. Vijana wa leo huenda hawaijui: ni kitambaa cheupe, chepesi, ambacho majirani zetu hukitumia kwa sanda. Nguo nyingine zote baba aliziwekea faida, tena akipatana na mnunuzi mpaka jasho liwatoke wote wawili; lakini bafta ya sanda aliiuza kwa bei ile ile aliyoinunulia. Mlango ukigongwa usiku wa manane, sote tulijua. Aliyegonga hakutaja msiba, na baba hakumwuliza jina la aliyefariki. Aliuliza neno moja tu: "Mtu mzima au mtoto?" Maana yadi hutofautiana. Akisikia kuwa ni mtoto, alikata kitambaa polepole, na usiku huo hakurudi kulala.

Katika usiku wa namna hiyo ndipo alipotuambia habari za Kabir, mshairi wa Banaras wa karne ya 15, aliyekuwa mfumaji wa nguo, na ambaye Wahindu na Waislamu wote wanamheshimu. Kabir aliufananisha mwili na shuka iliyofumwa kwa ustadi mkubwa. Mwanadamu hupewa shuka hiyo aivae, na siku moja atatakiwa airudishe. Wengi huirudisha ikiwa na madoa, na wachache sana huirudisha safi. Bhagavad Gita nayo, katika sura ya pili, inafananisha kufa na kubadili nguo. Sisi tulioishi na harufu ya nguo mpya tangu utotoni hatukuhitaji mwanazuoni atufafanulie. Tuliyaona kwa macho: khanga ya arusi na bafta ya sanda zikikatwa kwa mkasi mmoja, juu ya meza moja, na mkono mmoja.

Sasa tuondoke Kilosa kidogo, twende Mikumi. Ndugu zetu mliotoka huko mtatusaidia tukikosea. Kaka yetu mkubwa alipooa alikwenda kufungua duka la vipuri kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, na sisi tulimsaidia kwa miaka kadhaa. Kilosa ilikuwa ya reli, Mikumi ilikuwa ya magari. Huko hatukusikia bhajani. Tulisikia redio za madereva. Malori yalipumzika usiku kabla ya kuvuka mbuga au baada ya kuivuka, na nyimbo za dansi zilitoka katika kila kibanda cha chai. Mkoa wetu wa Morogoro umejaliwa katika jambo hili. Ulikuwa na Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, ukawa na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye baadaye aliiongoza Super Volcano. Wote wawili walifariki kwa ajali za gari: Salum Abdallah mwaka 1965, na Mbaraka mwezi Januari 1979, akiwa nchini Kenya.

Madereva waliwapenda sana watu hawa wawili. Mara nyingi tuliwasikia wakibishana usiku kwamba wimbo huu au ule ulikuwa utabiri, kwamba mwimbaji alijua mapema jinsi atakavyokufa, na kwamba mahali fulani katika ubeti fulani alituaga. Tulipokuwa vijana tuliyaamini hayo, tukawa tunarudia sahani za santuri tukitafuta neno lililofichwa. Leo tunaona vingine. Nyimbo ni nyingi, na mwanadamu akiimba miaka mingi hana budi kutaja safari, kuaga, machozi na Mungu. Mwimbaji akifariki, maneno hayo hubaki kama yalivyokuwa. Masikio yetu ndiyo yaliyobadilika. Wimbo tuliokuwa tukiuchezea dansi jana, leo twausikia tumeketi, mikono magotini. Tusiwatwike marehemu ujuzi wa ghaibu ambao hawakuudai. Lakini pia tusiseme kwamba maana ile tuliyoipata baada ya msiba ni ya uongo. Ilikuwamo katika wimbo tangu mwanzo, kama mbegu ilivyomo ardhini. Ilingoja mvua.

Katika redio hizo hizo za Mikumi, miaka ya baadaye, ndimo tulimomsikia Dk. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuaga dunia mwezi Desemba 2010. Upo wimbo wake uitwao "Kifo". Katika wimbo huo anamsemesha Kifo kana kwamba ni mtu aliyesimama mlangoni, na anamdai majibu. Mara ya kwanza kuusikia tulishtuka. Tulilelewa kwamba kifo hakitajwi hovyo ndani ya nyumba, achilia mbali kukiita kwa jina na kukihoji.

Tulipomsimulia baba, hakushtuka. Akasema: "Huyo ni Nachiketa." Kwa majirani zetu wasioijua hadithi hii: Nachiketa ni kijana anayesimuliwa katika Katha Upanishadi. Baba yake, kwa hasira, alisema kwamba anamtoa kwa Mauti. Kijana akaenda kweli mpaka nyumbani kwa Yama, mwenye ufalme wa wafu, akamkosa. Akangoja siku tatu bila chakula. Yama aliporudi aliona aibu kwa kumweka mgeni na njaa, akamwambia aombe mambo matatu. La kwanza, Nachiketa aliomba moyo wa baba yake upoe. La pili, alitaka kufundishwa sadaka ya moto. La tatu, akauliza: mtu akifa, je, yupo au hayupo? Yama akambembeleza achague jambo jingine. Akamwahidi mali, ng'ombe, tembo na maisha marefu. Kijana akakataa yote. Sisi wafanyabiashara tuitazame vizuri biashara hiyo: mwenye duka anataka kumpa mteja bidhaa zote zilizomo, na mteja anasema hapana, nataka jibu. Basi mwimbaji wa Dar es Salaam na kijana wa Upanishadi walisimama mbele ya mlango mmoja. Wa zamani alipata jibu refu. Wa pili alituachia swali, nasi tulilibeba usiku kucha barabarani.

Nao waandishi wa pwani hawakuwa nyuma katika jambo hili. Shuleni tulisomeshwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Humo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, ambayo sasa yamekuwa makao ya popo na ndege wa porini. Tazameni jinsi mifano inavyokutana na kupishana. Kwa mshairi wa Pate, jumba kuukuu ni dunia yenyewe, na ndege waliomo ni dalili kwamba wenyeji wamekwenda zao. Kwa Mirabai, jumba kuukuu ni mwili, na ndege aliyemo ndiye mwenyeji. Wa kwanza anatuonya tusiipende nyumba kupita kiasi. Wa pili anatupa moyo tusimsahau anayekaa ndani yake. Mtu mmoja aweza kuyahitaji maonyo yote mawili katika wiki moja.

Na sasa, ndugu zetu, tufike kwenye ile aibu.

Miaka michache iliyopita mama yetu mzazi alifariki hapa Kilosa. Baba alikuwa amemtangulia zamani. Wajukuu walikuja kutoka Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Kabla mwili haujatolewa nyumbani, tulikaa kumwimbia, kama ilivyo desturi. Kinanda chetu cha mkono kilikuwapo, kile ambacho majirani walikibeba vichwani wakati wa mafuriko ya Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, walipokuwa na vitu vyao wenyewe vya kuokoa. Tukaanza wimbo wa baba. Mwanzo ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili, sauti zikapungua. Tulipotazama, wajukuu walikuwa wakichezesha midomo tu. Ubeti wa mwisho, hata sisi wakubwa maneno yalitupotea, mmoja kwa machozi, mwingine kwa kusahau. Kinanda kikabaki peke yake.

Ndipo sauti moja ikatoka upande wa mlango, ikaushika wimbo pale ulipoanguka, ikaufikisha mwisho. Alikuwa mama yetu mmoja wa hapa jirani, ambaye kwa miaka mingi aliuza maandazi barazani pa duka letu. Amekubali tumsimulie leo, ila amekataza tumtaje jina. Hajui Kigujarati. Alikuwa ameusikia wimbo ule kila jioni, alipokuwa akikusanya vyombo vyake na baba akifunga hesabu, na umekaa kifuani mwake neno kwa neno.

Siku ya tatu tulikwenda kumshukuru. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akatukaribisha kwenye mkeka. Kisha akatuuliza: "Wanangu, miaka yote hii naimba wimbo wa baba yenu. Hivi unasema nini?"

Tulinyamaza. Tuliona haya, wala hatuoni sababu ya kuificha haya hiyo. Mwanamke huyu alikuwa ameulinda wimbo wetu kuliko sisi wenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwambia maana yake. Tukajikaza, tukamweleza kwa Kiswahili, kwa kigugumizi: hekalu ni mwili, ndege ni roho, hekalu limezeeka lakini ndege bado yungali mchanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Mimi nilidhani anawataja wadaiwa wake," akasema. "Kwa kuwa alikuwa akiimba na daftari liko wazi mbele yake."

Tukacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza: "Lakini sikukosea sana. Mwili nao ni wa kukopa."

Tulirudi nyumbani na neno hilo. Tumewasikia wahubiri wengi wakifafanua bhajani hiyo, wengine kutoka India kwenyewe; hatujasikia ufafanuzi uliotukaa moyoni kama ule. Yeye hakujua kwamba Kabir alisema habari za shuka ya kurudishwa, wala hakujua kwamba baba alikuwa akiuza bafta bila faida. Hata hivyo alifika pale pale walipofika, kwa njia ya mtu aliyeuza maandazi kwa mkopo na kujua uzito wa deni.

Majivu ya mama tuliyatia katika Mkondoa. Wengine huuliza kwa nini hatukuyapeleka India, kwenye mto Ganga. Tunawajibu hivi: Mkondoa huingia katika Wami, na Wami huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Bahari hiyo hiyo ndiyo inayopiga ufuko wa Gujarat, ambako wazee wetu walipandia majahazi. Mto wetu unaijua njia.

Sasa tuna maombi mawili kwa Kamati na kwa ninyi nyote. La kwanza: kila mwezi, jioni ya mwezi mpevu, baada ya arati, tuchague bhajani moja tu, na kabla ya kuiimba mzee mmoja aieleze kwa Kiswahili, ili watoto wetu waelewe na majirani zetu wasiachwe mlangoni. Tusiogope kwamba wimbo utapungua utukufu ukielezwa. Yangeyange hakumpunguzia hansa utukufu. La pili: tununue daftari moja kubwa, tuziandike nyimbo hizi zote, maneno ya Kigujarati upande mmoja na maana kwa Kiswahili upande wa pili, kabla wachache waliosalia na kuzijua hawajaondoka. Daftari la kwanza tunalitoa sisi, na wimbo wa kwanza tumekwisha kuuandika. Mama yetu wa maandazi, aketiye pale safu ya mbele, ndiye aliyetusomea ubeti wa mwisho tukauandika.

Na ninyi watoto, mmesikia kwamba hekalu lililochakaa katika wimbo ni mwili. Ni kweli, msilisahau. Lakini masika yanakaribia, na fundi amekwisha kulikagua paa la hekalu hili. Sanduku liko pale pale lilipokuwa, kulia kwa mlango.